Tenki Kavu Barabara ya Mgeta

Milioni moja na laki nane kufungiwa mfumo wa gesi kwenye gari, laki mbili na nusu pampu mpya ya petroli, elfu thelathini dereva wa Fuso. Nimejumlisha mara mbili: milioni mbili na elfu themanini. Hapo sijaweka bei ya kumsikia mama mkwe akitafuta pumzi kiti cha nyuma. Hiyo hata mimi sijui naanzia wapi kuomba punguzo.

Fundi aliyenifungia gesi ana gereji Msamvu, mjini. Yeye Mnyamwezi, mimi Mluguru, kwa hiyo ni watani, na tangu asubuhi tulikuwa tunatukanana vizuri tu. Wakati wa kunikabidhi ufunguo akasema, "Usikaushe petroli. Pampu imo ndani ya tenki, inapozwa na petroli hiyo hiyo. Ikikauka inaungua. Ila najua utaikausha. Mluguru wewe, hata mvua unaomba upunguziwe!"

Nikacheka. Akarudia. Nikacheka tena. Mtani akikuchamba kutwa nzima, utajuaje amefika kwenye ukweli?

Miezi mitatu nilitembelea gesi tupu. Taa ya petroli ilipowaka na kukataa kuzima, niliibandika plasta.

Ndipo mke wangu akapigiwa simu kutoka kwao Mgeta, milimani: mama yake amebanwa na pumu, na dawa ya kuvuta imeisha. Nikapiga hesabu ya gesi, kwenda na kurudi. Inatosha. Nikarudia. Inatosha. Nilihesabu kilomita, milima sikuihesabu.

Tulipofika, shikamoo yangu ilijibiwa kwa mkono. Marahaba ilihitaji pumzi, naye hakuwa nayo ya kugawa. Tukamkalisha nyuma, mke wangu akimshikilia asiiname.

Katikati ya mtelemko taa ya mwisho ya gesi ikawa nyekundu. Swichi ya gesi ikalia, ikahamia petroli. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

"Mbona kimya?" mke wangu akauliza.

"Mtelemko. Tunaokoa mafuta."

"Okoa mama kwanza!"

Usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na breki imekuwa ngumu. Gari la otomatiki hilo, halina gia ya kulishika. Kushoto ukingo wa mlima, kulia korongo lenye migomba chini kabisa. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili, nikavuta ya mkono, nikachagua ukingo. Tukasimama kwa kishindo cha udongo.

Nyuma nikasikia sauti nyembamba, neno moja kwa kila pumzi: "Baba... gari nalo... limebanwa?"

"Limebanwa kidogo, mama."

Likaja lori, Fuso la kabichi. Dereva akachungulia, akataja elfu thelathini kuwafikisha hospitali mjini. Mdomo wangu ulishaanza kufunguka. Mke wangu akanitazama. Nikalipa. Tangu nipate akili sijawahi kulipa bei ya kwanza.

Nikabaki na gari, simu mkononi. Kila nilipoiangalia, hata dakika tatu zilikuwa hazijapita. Mwishowe ujumbe: "Kawekewa oksijeni. Anaongea. Anakusema wewe."

Kesho yake fundi, niliyempigia simu, alipanda kwa bodaboda, pampu mpya mfukoni, kidumu cha petroli mapajani. Nilidhani atanicheka. Hakucheka, na hapo ndipo niliogopa.

"Nilikuonya mara mbili," akasema. "Wewe hodari wa hesabu, hiyo hukuihesabu?"

Sasa mama mkwe ana kliniki Alhamisi, na gari lililopo ni langu tu. Atapanda, amesema, kwa sharti moja: fundi akae kiti cha mbele na kidumu chake akipakate. Fundi naye anataka ujira wa siku nzima, na safari hii ameapa hatanii. Ninyi wenye watani, nishaurini kabla ya Alhamisi: fundi yupi anayesema ukweli, huyu wa leo anayeapa, au yule wa gereji aliyekuwa akinitania?