Posa ya Redio Sikioni

Siku ile tulikuwapo watu sita. Mimi. Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa akiposwa, na kwa hiyo alikuwa amefungiwa chumbani. Mdogo wetu wa mwisho, aliyejifungia naye kwa sababu televisheni iko humo. Shangazi, ambaye si shangazi wa damu bali rafiki wa marehemu mama tangu Tanga. Mshenga, Mkongomani wa Bladensburg, kitongoji jirani hapa Marekani, anayefanya kazi pamoja na bwana harusi. Na mzee, baba wa bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe simhesabu. Kwa desturi yetu mposaji haji kwenye posa yake, basi alikaa kwenye gari pale chini, katikati ya vumbi la ujenzi wa reli, akisubiri kuambiwa kama amepata mke.

Mimi nilikuwa upande wa baba na upande wa mama kwa pamoja. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi nikaacha shule kabla sijaimaliza, nikaanza kuendesha gari la kupeleka mashuka safi mahotelini. Redio ya gari lile ilikuwa imekwama kwenye stesheni moja, ile inayotangaza mechi za timu ya hapa ya hoki ya barafuni. Kiingereza changu kingi nimekipata humo. Hata leo nikiagiza kuku dirishani huanza polepole, halafu sauti inapanda, inapanda, na nikifika kwenye kachumbari muuzaji anageuka kutazama nyuma yake kuna nini.

Mzee ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa jijini, fundi wa lifti mstaafu. Kiswahili alijifunza ukubwani, madarasa ya jioni, kwa kukipenda tu, na anakizungumza kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba trei ya glasi. Kuhusu posa alikuwa amesoma mengi kuliko tuliyoyajua sisi wenyewe.

Siku tuliichagua sisi: Jumapili, saa nane mchana. Saa ya mechi waliichagua watu wa televisheni. Ilikuwa ichezwe usiku, wakaisogeza mchana ili nchi nzima iitazame, na ilikuwa ya mtoano, anayefungwa anarudi nyumbani. Mzee hakuthubutu kuomba tuahirishe. Alikuwa amesoma mahali kwamba kuahirisha posa ni dharau.

Na dharau ndicho kitu tulichokuwa tukikiogopa. Mdogo wangu alishasema kwamba bila radhi ya shangazi haolewi. Shangazi ndiye aliyemwosha mama, na ndiye aliyetupikia mpaka arobaini ikaisha. Asubuhi ile mdogo wangu alinishika mkono jikoni.

"Dada, please. Leo shangazi asikasirike."

"Akasirishwe na nani?"

"Na yeyote. You know her."

Namjua. Aliwahi kuondoka kwenye harusi ya watu kule Wheaton kwa sababu pilau ilipita mbele yake bila kusimama.

Wageni walipoingia, mzee alisalimia vizuri, akavua viatu, akakaa. Kofia yake ilikuwa imeteremshwa upande mmoja, imefunika sikio. Nikadhani ni mtindo. Mshenga akakohoa.

"Bon. Mama, sisi tulipitaka hapa, tukaona ua moja ya muzuri sana."

"Maua ni mengi," shangazi akasema, kama inavyotakiwa. "Hilo mliloliona mnalijua thamani yake?"

Akaanza kumsifu binti yetu. Hana kelele. Hana makuu. Akipika mchuzi, jirani anapiga hodi. Alipofika kwenye mchuzi, mzee alifumba macho na kukunja uso kama aliyemeza dawa chungu. Shangazi akasita. Akaendelea: mtoto ana adabu, hajawahi kumjibu mkubwa wake. Mzee akajipiga goti na kutikisa kichwa.

Kutoka chumbani, baadaye kidogo, mdogo wetu wa mwisho akapiga ukelele: "Oh, come on!"

Hapo nikaelewa. Mtu aliyesikiliza redio ile miaka yote anaujua uso wa mwenzake anayesubiri kisahani cheusi, ndio mpira wao, kiingie golini. Na anajua pia kwamba redio hufika kwanza. Televisheni yetu inapitia mtandaoni, na picha huchelewa njiani. Mtangazaji wa redio akishalia, kwenye televisheni mchezaji bado anakimbia na matumaini yake.

Shangazi hakuyajua hayo. Alichokiona ni mwanamume anayesononeka kila binti yetu akisifiwa. Akaniinamia.

"Hawa hawamtaki. Wameletwa kwa nguvu."

"Shangazi, subiri."

"Nisubiri nini? Nimesema mtoto ana adabu, bwana kajipiga goti kama kafiwa!" Akasimama na kuanza kukusanya vikombe. Kikombe cha mshenga kilikuwa bado na chai, naye akakishikilia.

"Maman, pardon, sijamaliza."

"Umemaliza."

Mlango wa chumbani ukafunguka upana wa kidole. Nililiona jicho la mdogo wangu. Nikachagua kumwaibisha mzee.

"Shangazi, mzee ana redio sikioni. Anasikiliza mpira."

Mzee akaivua kofia taratibu. Waya mweusi ukaonekana, umeshuka mpaka mfukoni. "Ninaomba radhi," akasema. "Ni mechi ya mtoano."

"Ya nini?"

"Ya hoki."

"Magongo?"

"Ya barafuni."

Shangazi akaviweka vikombe mezani. "Watu wazima wanagombana juu ya barafu, na wewe unasononeka kwenye mchuzi wa mwanangu?"

"Walitufunga," mzee akasema kwa huzuni ya kweli. "Mara mbili."

Nilidhani atamfukuza. Lakini aliuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Na huyo mtoto chumbani, mbona analia baada yako?"

Nikamweleza habari ya redio na televisheni. Hakuamini. Akanyoosha mkono, mzee akampa kidude, naye akakitia sikioni chini ya mtandio. Kiingereza cha kasi ile hakijui. Mzee akamfundisha: sauti ikipanda ikabaki juu, ni goli letu, ikipanda ikaanguka, basi ni mikosi. Shangazi akakaa, kichwa kimeinama upande. Ghafla akainua kidole na kupaza sauti kuelekea chumbani: "Sasa hivi mtashangilia!"

Kimya. Kisha chumbani pakalipuka, na huko nje honi ya bwana harusi, naye akisikiliza redio ya gari, ilikuwa imeshalia zamani.

"How does she know?" mdogo wetu akapiga kelele. "Dada, how does she know?"

Basi ikawa ndiyo hiyo. Kidude hakikurudi tena kwa mwenyewe. Shangazi aliamuru posa iendelee, akaiendesha kwa sikio moja. "Mtalia!" Walilia. "Mtashangilia!" Wakashangilia. Mzee, aliyebaki bila redio, akawa anausoma uso wa shangazi kama shangazi alivyousoma wake. Mshenga aliongea peke yake, maskini, kuhusu heshima na ukoo, na kila alipofika pazuri shangazi alimnyamazisha kwa mkono.

Timu zilitoka sare, zikaingia muda wa nyongeza, ambapo goli la kwanza humaliza kila kitu. Mshenga naye alikuwa amechoka. Akakusanya pumzi, akauliza moja kwa moja:

"Bon. Mama, hii ua, munatupatia ao hapana?"

Shangazi aliruka kutoka kitini, mikono juu. "Ndiyoo! Ndiyo, ndiyo, ndiyo!"

"Amekubali!" mshenga akapiga kelele. "Wote tumesikia!"

"Sijakubali, mpumbavu weye! Nimeshangilia!"

Nje honi ilikuwa hainyamazi. Chumbani wakapiga mayowe sasa, na mdogo wangu akatoka mbio, machozi machoni, akamkumbatia shangazi. Mpaka leo sijui alikuwa analilia lipi. Shangazi akanitazama juu ya bega lake, akingoja nimtetee. Mimi ndiye mkubwa, na neno la mwisho lilikuwa langu.

"Mimi," nikasema, "nimesikia ndiyo."

Ndoa ilifungwa, na shangazi ndiye aliyeongoza vigelegele. Lakini hakusamehe. Anasema tulimchukua mwanawe kwa goli, na kwamba anatudai posa nzima, kwa masikio mawili, kuanzia kwenye ua mpaka kwenye jibu, na jibu atalitoa akipenda. Mimi na mzee tulikiri deni mbele ya mashahidi. Tatizo ni siku. Kiangazi, ambapo hakuna mechi, shangazi huwa Tanga. Akirudi, msimu umeanza, na kila Jumapili tunayoipanga watu wa televisheni wanatusogezea kitu.

Juzi alinipigia. "Lini?"

"Tunatafuta, shangazi."

"Tafuteni. Mwanangu yule bado hajaposwa."

Na kwa kweli, hajaposwa.