Chupa ya Siro kwa Shangazi

Mwaka jana, kwenye barabara ya kushuka bandarini, mwanamke mmoja alikuwa akikaanga karanga za sukari kando ya njia. Sukari ilikuwa imeanza kushika chini ya kikaango, na ile harufu tamu yenye uchungu ndani yake ikawafanya wapita njia wasogee. Mimi nilivuka upande wa pili. Nilipofika huko ndipo nilipotambua kwamba nimekunja ngumi ndani ya kitenge changu, na mate yamenijaa kinywani. Hayakuwa mate ya hamu. Yalikuwa yale yanayotangulia kutapika.

Niwaeleze kwa nini.

Nilikulia Majengo, katika parsele moja, yaani kiwanja chenye nyumba mbili za mbao zilizotazamana. Kati yake kulikuwa na mawe meusi ya volkano yasiyokubali hata tuta la mboga ya lengalenga. Nyumba moja ilikuwa yetu, mimi na Papa na Mama na wadogo zangu. Nyingine ilikuwa ya Shangazi Venantie, dada mkubwa wa Papa, mjane ambaye binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Katoyi. Uwanja huo Papa na dada yake waliachiwa na wazazi wao, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake aondoke.

Shangazi hakumpenda Mama. Sisengenyi, alikuwa akilisema mwenyewe, mchana kweupe, bombani na kanisani. Papa, fundi wa magari, alikwenda Butembo kutengeneza lori lililokwama, akakaa huko muda mrefu kuliko lori lilivyohitaji, akarudi na mke. Shangazi alikuwa ameshamchagulia msichana wa kwao Rutshuru, mpole, mwimbaji wa kwaya. Badala yake akaletewa Mama, ambaye hakuwa mpole na hakuimba.

Wakati nilipopata akili hawakuwa tena wakisemeshana uso kwa uso. Shangazi alizungumza na kuku.

"Weye kuku," alisema huku akimwaga mtama, akiwa ameelekeza sauti mlangoni kwetu, "kwenu hawakukufundisha hata kufagia?"

Mama, akifua, alimjibu beseni. "Weye beseni, kama umechoka kukaa na watu, njia iko wazi."

Sisi watoto tulikua tukidhani kwamba ndivyo watu wazima wanavyosalimiana.

Na kila Jumamosi, Mama alipika siro. Wengine wanaiita shira: maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama asali. Alijifunza kwa baba yake, aliyekuwa na shamba la miwa nje ya Butembo. Hakuuza hata chupa moja. Ilikuwa starehe yake, kama wengine wanavyosuka vikapu au kupanda maua katika makopo. Asubuhi mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alitushushia fungu la miwa kutoka Rutshuru, nasi tukaimenya, tukaikatakata, tukaitwanga katika kinu mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha mimi na Mama tulishika kila mmoja ncha yake ya kitambaa na kukinyonga, na maji yakatiririka ndani ya sufuria pana, ya kijivu yenye ukijani, machafu kwa kuyatazama.

Halafu moto. Mama aliondoa povu kwa kijiko cha mbao, akakoroga, akaondoa tena. Nyuki walikuja kutoka nisikokujua. Jua lilipoanza kuelekea magharibi, upande wa Sake, rangi ilikuwa imegeuka kuwa ya chai, kisha ya shaba. Mama alidondosha tone juu ya jiwe jeusi lililopoa. Tone likitawanyika, bado. Likikaa limejikunja kama kifungo cha shati, siro imeiva, na sisi tulirambishwa jiwe. Kwa wiki nzima tuliila kwa mihogo, kwa uji, kwa mkate, na kwa kidole Mama akigeuka.

Moto huo Mama aliuwasha chini ya dirisha la Shangazi. Alisema pale upepo wa ziwa haufiki. Ilikuwa kweli. Lakini hata nyuma ya choo upepo haukufika.

"Weye kuku," Shangazi alikohoa nyuma ya pazia, "iyo moshi itatuua!"

Mama aliongeza kuni mbichi.

Basi Jumamosi moja shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, akaingia uwanjani kwetu, na nyuma yake mamama wawili wa kanisa, vitenge vimenyooka, nyuso zimekunjwa. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake, amevaa kama anayekwenda misa.

"Mama Neema," shefu alianza, kwani mimi ndiye Neema, "tunaambiwa kama unapikaka kanyanga hapa. Na watoto ndani."

Kanyanga ni pombe kali, ile inayowalaza wanaume mferejini. Mama hakunyanyuka kwenye kigoda. Alichota siro, akaipuliza, akamnyooshea shefu kijiko.

"Kunywa, muzee. Ukilewa, mimi mwenyewe nitakufikisha kwako."

Shefu alionja. Akaonja tena, ingawa mara ya kwanza ilitosha kwa upelelezi. Mamama wa kanisa nao wakaonja. Mmoja akauliza kama inafaa kwa kikohozi. Wakaondoka na chupa, na shefu akapitia mlangoni kwa Shangazi kumwambia kwa sauti iliyosikika mpaka bombani, "Mama Venantie, hii ni sukari tu. Usitusumbue tena."

Mama alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, akiwa amegeuza uso kuelekea lile dirisha. Nami nilicheka kwa sababu yeye alicheka.

Jumamosi iliyofuata Mama aliingia ndani kuosha chupa, mimi nikabaki nakusanya maganda ya miwa. Shangazi alitoka na kikombe. Alitembea bila haraka mpaka kwenye moto wetu, akamwaga sabuni ya unga ndani ya sufuria, akashika mwiko wetu, akakoroga. Kisha akanitazama. Hakuniambia ninyamaze. Nadhani alitaka nikaseme.

Nilikimbia nikasema. Mama alipotoka, povu jeupe lilikuwa linapanda ukingoni mwa sufuria na kumwagikia motoni. Nilingoja kelele. Nilingoja mwiko urushwe. Mama alivuta kigoda chake, akaketi, akaendelea kukoroga. Aliondoa povu, likarudi, akaliondoa tena, kwa uvumilivu uleule wa kila Jumamosi, mpaka kile kitu kikawa kizito. Kilikuwa na rangi ya maji ya mfereji. Akakijaza kwenye chupa safi, akaipangusa, akaifunga shingoni kwa kitambaa kama tunavyowafungia wageni, akanikabidhi pamoja na kijiko.

"Peleka kwa shangazi yako. Umwambie: Mama anasema hii ni ya kwako, umeitia mukono."

Nilikwenda. Nilikuwa mtoto wa kutumwa, na nilijivunia kutumwa. Nilipiga hodi, Shangazi akafungua, nikayasema maneno jinsi nilivyopewa. Alifungua kile kitambaa. Akanusa. Kitu fulani kikacheza pembeni mwa mdomo wake, kama mtu aliyepigwa kofi na mpinzani anayemstahi.

"Kwetu," alisema, "siro ya wageni, mutoto ndiye anaonjaka kwanza."

Akajaza kijiko, akakinyoosha kwenye midomo yangu.

"Onja, mutoto ya kaka yangu."

Nilijua ndani mna nini. Niligeuka kumtazama Mama. Alikuwa amesimama karibu na moto, mwiko mkononi, karibu kiasi kwamba niliona jasho kwenye paji lake. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Shangazi, na Shangazi, juu ya kichwa changu, anamtazama yeye. Nilingoja mmoja wao aseme acha. Hakuna aliyesema. Nikafungua kinywa.

Utamu ulikuja kwanza. Kisha sabuni ikapanda puani, ikachoma koo, na macho yakajaa maji. Nikameza, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kutotema chakula mbele ya mkubwa.

Chupa ilipasuka juu ya mawe. Shangazi alikuwa ameiachia.

"Umemeza?" aliuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Neema, umemeza?"

Nilikuwa tayari nimeinama, natapika. Wote wawili walinifikia pamoja. Mmoja alinivuta mkono huu, mwingine mkono ule. Mama anasema maji, Shangazi anasema maziwa, Mama anasema usimguse mwanangu, Shangazi anasema ni damu yangu kabla ya kuwa yako. Baada ya miaka yote ile ya kuku na beseni, walikuwa hatimaye wanasemeshana, wakipiga kelele masikioni mwangu, nami katikati natokwa na mapovu kama nguo zilizolowekwa.

Papa alitukuta hivyo, amevaa bado ovaroli ya gereji. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa vita vya uwanjani kwake hakuwa na hata moja. Alikuwa akichukua redio na kwenda kukaa kwa jirani. Siku ile aliniuliza mimi tu.

"Nani amekutilia hicho kijiko kinywani?"

"Shangazi," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Alipiga sufuria teke, ikabingirika mpaka ukutani. Kisha akamwambia dada yake afungashe. Hakupandisha sauti, na hilo lilitutisha kuliko teke. Kabla ya Jumapili kwisha, Shangazi aliondoka kwenda kwa binti yake Katoyi, godoro lake na kuku wake juu ya chukudu. Hakuaga. Alipofika barabarani alitema mate kuelekea kwetu, na Mama akatema ya kwake.

Koo langu lilipona baada ya muda mfupi. Tukangoja Jumamosi. Uwanja ulikuwa wetu sasa, dirisha limefungwa, hakuna wa kukohoa. Miwa haikuletwa. Jumamosi nyingine, vilevile. Mama alisema amechoka, kisha akasema kuni ni shida, kisha akampa jirani kile kinu. Hakupika siro tena maishani mwake.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha Shangazi mbaya. Watu walisikitika nami nikafurahia kusikitikiwa. Kisha nikazaa binti, na alipofikia umri wangu wa wakati ule, alikuja siku moja kuniuliza kama anaweza kula kitu alichopewa na jirani. Kabla sijajua ni kitu gani, nilikuwa nimeshapiga kelele: acha! Ilitoka yenyewe, kama kupiga chafya. Nikasimama jikoni nikiwa nimeshika kisu na kitunguu, nikamwona Mama karibu na ule moto, na mwiko, na mdomo uliofungwa.

Nilimuuliza Mama kwa nini siku ile hakusema acha. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho.

"Nilijua Venantie hatakuacha umeze," alisema. "Alikuwa anakupenda sana."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia neno jema kuhusu Shangazi kutoka kinywani mwake.

Nikaenda Katoyi. Shangazi alikuwa amezeeka, ameketi juani, miguu imevimba. Nilimuuliza vilevile, bila kuzunguka.

"Nilikuwa nangoja mama yako apige kelele," alisema. "Mama anapendaka mutoto wake vile! Nilisema, sasa ataita, sasa ataita. Hakuita."

Niliketi kando yake. Niliyoyaelewa pale sikuyapenda, na bado siyapendi. Siku ile kila mmoja wao alikuwa na hakika kwamba yule adui yake ana moyo mwema, hakika kiasi cha kuuweka ulimi wangu rehani. Na kila mmoja aliona afadhali mimi nimeze kuliko yeye kuwa wa kwanza kuuonyesha moyo wake.

Niliponyanyuka kuaga, Shangazi alinishika mkono.

"Mama yako," aliuliza, "iko na kile kiburi chake bado?"

Nikamwambia ndiyo, bado.

"Vizuri," akasema.