Rangi ya Fedha Juu ya Majina

Kapitolina Yegorovna aliamini jambo moja kwa moyo wote: kijiji kinachoacha makaburi yake yachakae, hata watoto wake kitawaacha na njaa. Kwa hiyo kila mwaka, theluji ikishayeyuka na mto Don ukisharudi ndani ya kingo zake, alivaa buti za mpira, akajifunga kitambaa kichwani na kupanda kilimani na ndoo ya rangi ya fedha. Huko juu walilala askari waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia wakigombea kivuko, wote katika kaburi moja, na juu yao lilisimama jiwe refu la saruji lenye majina yao.

Alianza kulipaka tangu akiwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la ushirika. Shamba lilivunjwa, ng'ombe wakauzwa, mumewe akafariki. Yeye akaendelea kupaka, kama mama yake alivyopaka kabla yake. Watu wa kijiji chake cha Belogorka walimsifu kwamba jiwe lao laonekana likimeremeta hata ng'ambo ya mto. Naye alizipenda sifa hizo. Sifa ni kileo kama vileo vingine, hata zikitokana na kazi njema, na mlevi ndiye wa mwisho kujua kwamba amelewa.

Mwaka huo, siku chache kabla ya Sikukuu ya Ushindi, basi la wageni lilipanda kilimani. Walikuwa wakizunguka viwanja vya vita vya kandokando ya mto, na hapo walipangiwa kusimama kwa muda wa kuweka maua na kula pai za kabichi. Kila mmoja aliweka maua mekundu mawili, maana kwa desturi ya huko idadi shufwa ni ya wafu na witiri ni ya harusi. Wakapiga picha, wakageukia pai.

Mzee mmoja hakugusa pai. Alikuwa Mtatari, Mwislamu mwenye kofia ndogo nyeusi ya darizi, na alilizunguka jiwe akilipapasa kama kipofu.

"Unatafuta nini, ndugu yangu?" Kapitolina akamwuliza.

"Baba yangu, Minnegali Sabirov. Mimi ni Fanis, mwanawe. Nilikuja hapa na mama nikiwa kijana. Jina lilikuwa upande huu wa mtoni, usawa wa kifua. Mama alilishika akalia mpaka wenyeji wakaja kumpa maziwa."

Gennady, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa karibu akiwakaribisha wageni. "Labda kilikuwa kijiji kingine, babu," akasema. "Kando ya Don makaburi ni mengi kuliko vituo vya basi."

"Nilipoacha miwani yangu naweza kusahau, mwanangu. Baba yangu ninaye mmoja tu."

Akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na udongo wa kaburi la mama yake. Aliusiwa aulete na kuuweka chini ya jina la mumewe.

"Sasa siwezi kuumwaga popote," akasema. "Mama yangu hakulala karibu na mwanamume mwingine maisha yake yote. Mimi nimlaze leo kwa kubahatisha?"

Kapitolina akaweka kiganja mahali alipoonyeshwa. Palikuwa laini. Chini ya vidole alisikia vibonye tu, kama makovu ya ndui. Masika baada ya masika rangi ilikuwa imejaa ndani ya herufi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikazimeza. Alikuwa akiliona jiwe kila siku, wala hakuwa amelisoma kwa miaka mingi.

"Baba yako yupo," akasema. "Mimi ndiye niliyemzika mara ya pili. Gena, niletee kisu cha kuparia samaki."

"Shangazi Kapa, usianze. Wakubwa wa wilaya wanakuja keshokutwa, na rangi ndiyo kwanza imekauka," Gennady akasihi.

"Nilikuogesha wewe shingo yako ikiwa bado haijakaza. Kisu, Gena."

Kisu kikaja. Rangi ilibanduka vipande vipande kama magamba, ikamjaa mikononi na kwenye nyusi. Dereva akapiga honi. Jina la kwanza lilipotokea likawa Panchenko.

"Utanisamehe, Panchenko," Kapitolina akasema, akashuka mstari mmoja.

Honi ikalia tena, na safari hii abiria wenyewe wakamkemea dereva. Herufi ya kwanza ikaonekana, kisha ya pili. Mzee Fanis akafumba macho, akazifuata kwa kidole mpaka mwisho wa jina, halafu akapiga magoti. Alifungua fundo, akaumimina udongo taratibu chini ya jina, akasoma Fatiha. Kapitolina akajifanyia ishara ya msalaba, na Gennady akavua kofia yake.

Basi lilipoondoka, jiwe lilikuwa limechubuka kama mbwa mwenye ukurutu.

"Tabaka moja tu, jepesi, pale palipobanduka," Gennady akabembeleza. "Tutaaibika."

"Aibu imeshatupata, ila ilikuwa inang'aa tukaipenda. Ukileta ndoo hapa nitaimimina ndani ya viatu vyako."

Alfajiri akapanda na kisu chake. Jirani yake alimfuata, akidai amekuja kumcheka tu, na baada ya kumcheka akaomba kisu. Jioni wanawake walikuwa wengi, na kila jina lililotoka mmoja wao alilisoma kwa sauti, na wengine wakalirudia.

Wakubwa walipofika siku ya sikukuu, nusu ya jiwe ilikuwa saruji tupu ya kijivu, na wanawake walikuwa bado juu ya ngazi, wamevaa aproni zao. Mmoja wa wakubwa, mwenye suti nzuri, akamwuliza Kapitolina kama kijiji kimekosa rangi. Kapitolina akamwomba asogee kidogo kushoto, kwa kuwa alikuwa amemzibia mwanga, na herufi za mstari wa chini zilikuwa ngumu kuliko zote.