Pumzi Yangu Kwenye Gari la Mume Wangu

Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu. Nalisema hilo mwanzo kabisa, kwa sababu kwa karibu mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa napimwa pombe kila alfajiri, mbele ya nyumba yetu huko Tottenham, nimevaa baibui juu ya gauni la kulalia.

Mume wangu alikamatwa na polisi akiendesha gari amelewa. Hakimu akamnyang'anya leseni kwa zaidi ya mwaka. Aliporudishiwa, akaulizwa kama angependa kuingia kwenye mpango wa majaribio: gari lake lifungwe kifaa kinachozuia injini kuwaka mpaka dereva apulize na ionekane hana pombe. Halikuwa jambo la lazima. Alikubali palepale, akamwambia bibi aliyesimamia mpango kwamba anataka kubadilika. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, na nilimwamini.

Kifaa chenyewe kilikuwa kama simu ya mkononi ya zamani, nene, kina waya uliojisokota unaoingia chini ya usukani, na kimrija cheupe cha plastiki. Hupulizi tu ukaondoka zako. Unapuliza huku unaguna kooni, kwa muda maalumu, ili mtu mwingine asiweze kuja kukupulizia. Fundi aliyekifunga alimfundisha mume wangu nusu saa nzima. Mume wangu akanifundisha mimi Jumapili moja mchana, eti kwa dharura, na mara ya tatu tu nikapata. Hata leo najiuliza kwa nini nilijifunza kwa bidii vile.

Labda najua. Mimi nimelelewa Kizanzibari, na kwetu mke humsitiri mumewe. Aibu ya mume haitoki nje ya mlango, na mke mwenye akili hasubiri kuombwa. Na sisi tuliohama tulikuja na majina yetu tu. Jina likichafuka London, limechafuka mpaka Pemba. Kwa hiyo asubuhi ile ya kwanza, aliposimama na macho mekundu na harufu ya jana mdomoni, zamu yake inaanza kabla basi la kwanza halijafika kwenye ghala alikofanya kazi karibu na uwanja wa ndege, hakuhitaji kusema mengi.

"Nipulizie, mke wangu. Leo tu. Nikifukuzwa kazi tutaaibika sote."

Nikapuliza. Taa ya kijani ikawaka, injini ikaunguruma, nami mjinga nikaona fahari kidogo.

Ambacho sikukijua ni kwamba kifaa huomba tena. Gari likishaingia barabarani kinalia, na dereva lazima apulize upya, na baada ya muda upya tena. Basi ikabidi niende naye. Leo tu ikawa kila siku. Nilimsindikiza mpaka getini kazini kwao, kisha nikarudi kwa mabasi matatu, nikifika nyumbani watoto wanatafuta viatu. Jioni, pombe ikiwa imemtoka, alipuliza na kurudi mwenyewe. Njia nzima ya kwenda nilishika mpini wa mlango na kutazama vivuko vya waendao kwa miguu. Nilijua ana pombe mwilini. Nilijua kuliko mtu yeyote duniani. Kila aliyekatiza mbele yetu nilimwombea Mungu kimoyomoyo, na kifaa kikilia, nikapuliza.

Siku moja wifi yangu alipanda gari letu kwenda arusini, akaona ule mrija.

"Na hichi nini tena?"

"Cha mke wangu," mume wangu akasema bila kupepesa. "Ana pumu."

"Maskini wifi yangu! Na wala hunambii!"

Wiki haikuisha nyumba ilijaa habasoda, asali na mafuta ya kuchua kifua. Wanawake wa darsa letu la dini waliniombea dua kwa jina langu, mikono juu. Habasoda niliila yote, chungu kama nini, maana wifi alikuwa ananitazama. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikajikuta nalia.

Ramadhani ilipoingia aliacha pombe, kama alivyofanya kila mwaka. Mwezi mzima alipuliza mwenyewe. Baada ya daku na sala nilirudi kulala, nikasikia gari linaondoka bila mimi, na nilishukuru mpaka nikaogopa kushukuru zaidi. Nikadhani yamekwisha. Siku ya tatu ya Idi alisimama mlangoni mwa chumba, funguo mkononi. Nikanyanyuka nikatafuta baibui langu.

Niligoma mara moja tu. Nilimwambia, "Leo sipulizi, na ukitaka niache." Mimi nina hasira za karibu, kila anijuaye ananijua kwa hilo, na siku ile nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alikaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa viganja, akalia kama mtu aliyefiwa. Ningefanya nini? Nilimshika mkono, tukatoka.

Mpango ulipomalizika, fundi alikuja mara ya mwisho kufungua kumbukumbu za kifaa. Mzungu mpole, tulimpa chai sebuleni. Alichomeka waya kwenye kompyuta yake, akasoma, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Hajakosea hata mara moja," alisema kwa Kiingereza. "Tangu siku ya kwanza. Laiti wote wangekuwa hivi." Akanigeukia. "Na wewe, mama, hongera. Lazima unajivunia."

Mume wangu akanitazama. Nafasi ilikuwa hiyo, na sentensi ilikuwa fupi, hata kwa Kiingereza changu cha dukani: ni mimi, pumzi zile za alfajiri ni zangu. Nikaona mahakama. Nikaona sura ya wifi, na watoto wakisikia habari za baba yao kutoka kwa watu. Nilijichukia.

"Thank you," nikasema.

Fundi akaenda nje, akafungua skrubu, akakitia kifaa kwenye boksi na kuondoka.

Kesho yake alfajiri mume wangu alipoinama kufunga kamba za viatu niliisikia ile harufu. Nikainuka kitandani kama kawaida, nikavaa, nikasimama ukumbini.

"Rudi kalale," akaniambia kwa upole, na nadhani alinionea huruma kweli. "Umechoka, mke wangu. Huna haja ya kuja tena."

Nikasogea dirishani. Gari likawaka mara moja bila kumuuliza chochote, likakata kona kuelekea barabara kubwa.