Mkwe Aliyeinama Kupita Kiasi

"Mkwe akiinama sana, ana lake jambo." Hayo ni maneno ya Bi Shigeno, si yangu, ingawa na mimi niliyaamini. Nimepika katika nyumba yake ya wageni tangu mumewe yu hai, na sijaona mtu anayesoma migongo ya watu kama yeye. Muuza samaki akiinama harakaharaka, Bi Shigeno alifungua kapu na kunusa. Mgeni akiinama kupita kiasi asubuhi ya kuondoka, mimi nilitumwa chumbani kutazama kama taulo zipo.

Yeye mwenyewe aliinama vizuri kuliko wote bondeni. Alipiga magoti kizingitini, viganja sakafuni, akabaki hivyo mpaka gari la wageni livuke daraja, hata theluji ikimpiga usoni.

"Siku nikitolewa kizingitini hapa, Kinue," aliniambia, "andaeni mazishi."

Basi Nobumichi, mume wa binti yake Chizuru, aliacha kazi mjini akahamia kwetu, na kila asubuhi akawa anamwinamia mama mkwe ukumbini. Si kuinama kwa mkwe kule. Ni kuinama kwa mtu aliyevunja kitu cha watu: kichwa chini kabisa, kimya, halafu hainuki.

"Unamwona?" Bi Shigeno alininong'oneza tukikata figili. "Anaomba radhi ya kosa ambalo bado hajalifanya."

"Kosa gani?"

"Kunitoa mlangoni, akae yeye na tai yake! Kikulacho ki nguoni mwako."

"Pengine ni adabu tu, Bi mkubwa."

"Adabu ina kipimo. Ile ni njama."

Nikaanza kumchunguza. Nilimkuta akinong'ona na mkewe, wakanyamaza waliponiona. Kisha nikamsikia kwenye simu: "Mama hajui. Wiki ijayo nitamleta, hata kwa nguvu." Nikaenda moja kwa moja kumwambia Bi Shigeno.

Asubuhi yake Nobumichi alipoinama, Bi Shigeno akasimama mbele ya kichwa chake.

"Leo hunyanyuki mpaka useme. Unanipeleka wapi? Nyumba ya wazee?"

Kweli hakunyanyuka. Aliongea akiwa bado anatazama sakafu.

"Hospitali, Mama. Soksi yako ya kushoto inaloa usaha. Chizuru alikuuliza habari za mguu, ukamfukuza. Mimi ni mkwe, nitakwambiaje uvue soksi? Nikaona nikiinama sana nitautazama mwenyewe."

Nikatazama na mimi. Kwenye soksi nyeupe, karibu na kidole gumba, palikuwa na doa la manjano. Mimi ninayekula naye kila siku sikuwa nimeliona.

"Ni chai hiyo," alisema Bi Shigeno. Hata hivyo Nobumichi akampeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Ilikuwa sukari. Daktari alikata vidole viwili, akasema mguu umeponea chupuchupu, na kupiga magoti ndiyo basi tena. Bi Shigeno alirudi amenuna. Nobumichi akamwekea kiti pale pale kizingitini.

"Mwenye nyumba haagi wageni akiwa kitini!"

"Basi magoti nitapiga mimi, Mama. Wewe ninyooshe mgongo."

Akamnyoosha kwelikweli, tena mbele ya wageni: "Shingo! Hiyo shingo ya bata iweke sawa!" Wageni walijikaza wasicheke. Nobumichi akabaki chini mpaka gari likavuka daraja, na nikiri, hakukosea.

Alipotaka kuinuka, Bi Shigeno akageuka kitini na kumwinamia, kifua mpaka mapajani. Hajawahi kumwinamia mtu wa nyumbani namna ile. Akakaa hivyo, wala hainuki, na Nobumichi akababaika.

"Mama, inatosha. Tafadhali, Mama."

"Nyamaza, naangalia." Sauti yake ilikuwa na machozi. "Soksi yako imetoboka kisiginoni. Vua nikushonee."