Kiti cha Thadayo Nyanungu

Niliondoka Mugumu kwenda Nyanungu kwa sababu ya neno moja nililoambiwa kwenye simu: futa.

Aliyelisema alikuwa Bosi Mwita, mwenye mashimo mawili ya dhahabu kwenye machimbo mapya ya vilima vya Nyanungu, upande wa Tarime. Ilikuwa miaka ya rashi. Watu wakisikia kwamba mahali fulani mawe yameonyesha dhahabu, baada ya wiki mbili unakuta mji wa maturubai umeota porini. Wachimbaji wa huko walikuwa wamejenga kanisa dogo la matofali ya kuchoma. Mwalimu wao wa dini, mama mmoja anayeitwa Wankuru, alisafiri hadi karakanani kwangu kuagiza viti kumi na viwili vya wazee wa kanisa. Kwenye mgongo wa kila kiti alitaka lichongwe jina la mwanafunzi mmoja wa Yesu, wale wa mwanzo kabisa. Aliniachia majina kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kushika chaki. Nilifanya kazi ile mwezi mzima, kwa mninga mzuri, na herufi zote nilizichonga kwa mkono.

Mimi ni Mwislamu. Baba yangu alitoka Pangani na msumeno wake, akaoa Mugumu, akazikwa Mugumu. Baadhi ya wenzangu msikitini waliniuliza inakuwaje natengeneza vitu vya kanisani. Niliwajibu kwamba kiti ni kiti, na kwamba hata sisi tulipokuwa watoto chuoni tulifundishwa kuwa Isa bin Mariamu alikuwa na hawariyuni, watu waliosimama naye. Majina yao hatukufundishwa. Niliyajua kwa patasi.

Basi viti vilipokamilika, Bosi Mwita akanipigia. "Fundi Hamisi, kile kilichoandikwa Thadayo, futa. Andika Mwita."

Nikamwuliza kama Mwalimu Wankuru ana habari. Akasema mabati ya lile kanisa ameyatoa yeye, na mwalimu atapata habari akiona. Nikamwambia aliyeagiza viti siye yeye. Akakata simu.

Ningeweza kuvipakia kwenye lori na kubaki zangu nyumbani. Lakini nilijua vikifika bila mimi, atatafutwa mtu mwenye randa, na jina nililolichonga siku mbili litaondoka kwa dakika tano. Nikamwambia mke wangu Zuhura kwamba nakwenda kuviunga mwenyewe.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tulitoka Mugumu. Lori lilikuwa la Nyamhanga, dereva ninayemjua tangu ujana. Viti vilikuwa vimefunguliwa, miguu upande mmoja, migongo upande mwingine, yote imefungwa kwa magunia. Tulipita mashamba ya mihogo na ya mtama, na mara kwa mara tulisimama kupisha ng'ombe. Nyamhanga aliniuliza nina nini kinachonifanya niwe kimya. Nikamsimulia.

"Mura, huyo Thadayo ni ndugu yako?" akaniuliza; mura kwa Kikurya ni kijana mwenzako.

"Hapana."

"Wa dini yako?"

"Hapana."

"Basi andika Mwita tulale salama."

Saa tatu tulivuka daraja la Mto Mara. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo. Kutoka hapo barabara inapanda, vumbi linageuka jeupe, na malori yanayopishana nawe yamebeba viroba vya mawe badala ya mahindi. Njia ya kuelekea Nyanungu ilitupiga sana. Nyuma ya lori nilisikia mbao zikigongana, na kila zilipogongana Nyamhanga alinitazama kama vile mimi ndiye niliyeweka yale mashimo barabarani.

Saa nane mchana tukafika. Kabla hujayaona machimbo unasikia makarasha, mashine za kusaga mawe, zikinguruma kilima kizima. Halafu unawaona wanawake wamekaa chini ya maturubai, kila mmoja na nyundo na rundo lake la mawe, wanaponda. Wao ndio waliochangia fedha za viti. Walisimama wote tulipofungua magunia, wakapitisha vidole kwenye majina. Mmoja asiyejua kusoma aliniomba nimwonyeshe Petro ni yupi, akagusa kila herufi.

Mwalimu Wankuru alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, aliyefunga kanga kiunoni kama mtu anayetaka kuanza kazi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na miguu yako. Kuna jambo."

Alinipa chai na viazi vitamu, nikamweleza habari ya simu. Hakushtuka. Alichukua mgongo wa kile kiti na kuuweka mapajani.

"Huyu Thadayo alifanya nini, mama?" nikamwuliza. "Nami nijue ninachokitetea."

"Hatujui," akasema. "Petro na Andrea walikuwa ndugu wawili, wavuvi. Yakobo na Yohana vilevile, waliacha nyavu na baba yao chomboni. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, watu hawakutaka hata kula naye. Simoni Zelote alikuwa wa wale waliotaka Warumi wafukuzwe nchini, na akakaa meza moja na Mathayo aliyewakusanyia Warumi ushuru. Tomaso unamsikia, alitaka kuona kwanza. Lakini Thadayo ni jina tu. Waandishi wengine hata jina hilo hawakuliandika sawa, walimwita Yuda wa Yakobo. Aliitwa, akafuata. Basi."

"Na kwenye kiti chake atakaa nani?"

Akapitisha kidole kwenye herufi. "Hatakaa mtu."

Ndipo akaniambia habari ya mtu waliyemwita Musoma. Alikuja mwanzo wa rashi, mtu mzima, akasema anatoka Musoma, wakamwita hivyo hivyo. Aliimba kwaya, sauti nzito. Shimo la Bosi Mwita liliporomoka naye ndani. Walipomtoa, hakuna aliyejua jina lake, la baba yake wala la kijiji chake. Walimzika kwa jina la mji.

"Shimo likaanza kazi tena siku ya tatu," Mwalimu Wankuru akasema. "Mimi nikasema kanisani tutaweka kiti cha mtu asiyejulikana alifanya nini, na watu wakimwona Thadayo wamkumbuke Musoma. Mwita analijua hilo. Ndiyo sababu anakitaka kile, na siyo kingine."

Tangu hapo sikuhitaji kuambiwa tena ninatetea nini.

Ijumaa asubuhi niliunga viti sita ndani ya kanisa. Nilipumzika kwa swala ya Ijumaa, tuliyoiswali nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja kutoka Tarime, kisha nikaendelea. Saa tisa Bosi Mwita akaingia na vijana wake watatu. Nilikuwa namzidi umri kwa miaka kumi hivi, lakini hakuniamkia. Alipita akisoma migongo ya viti hadi akafika alipotaka.

"Nilikwambia nini, fundi?"

"Uliniambia nifute. Sikufuta."

"Futa sasa. Randa unayo."

"Ninayo. Ni ya kulainisha mbao."

Mwalimu Wankuru akaingia akipangusa mikono. Wanawake waponda mawe wakaja nyuma yake, wakajaa mlangoni. Mwita akamgeukia, akaongea kwa sauti ya mtu anayejua kuendesha mnada.

"Mama, unafundisha kwamba Yuda Iskariote aliondolewa, akawekwa Mathiya. Hata hapa umeandika Mathiya, Yuda hayupo. Kwa hiyo kubadilisha inaruhusiwa. Huyu Thadayo hana kazi aliyofanya. Mimi nimeezeka nyumba nzima hii."

"Yuda alijiondoa mwenyewe," Mwalimu Wankuru akasema. "Thadayo alikosa nini?"

Mwita akatazama mabati juu.

"Na Mathiya alipigiwa kura," mwalimu akaendelea. "Hakuleta mabati."

Mlangoni mtu alicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu. Uso wa Mwita ulibadilika. Akanisogelea karibu kabisa. "Fundi, wewe Mwislamu. Hii vita si yako. Futa hilo jina uondoke na heshima yako."

Nilikuwa na hofu, sitasema uongo. Vijana wake walikuwa na mikono minene kama miguu ya viti vyangu. Lakini nilikuwa nimeinama kwenye mbao zile siku nyingi mno. Nikaweka randa na patasi ndani ya sanduku la kazi, nikalifunga, nikalikalia.

"Jina nililolichonga silifuti," nikamwambia. "Ukitaka, vunja kiti. Watu wote wakuone ukikivunja."

Akatazama mlangoni. Hakukivunja. Alisema tu, "Kesho nachukua mabati yangu," akatoka.

Jumamosi saa mbili asubuhi vijana wa Mwita walipanda juu ya paa. Sauti ya misumari ikitolewa kwenye bati ni mbaya, inakwaruza meno. Odhiambo na Ochieng, ndugu wawili waliowahi kuwa wavuvi ziwani kabla samaki hawajapungua na wao kufuata dhahabu, walikuja na sururu wakitaka kuwashusha wale vijana kwa nguvu. Mwalimu Wankuru alisimama mbele yao.

"Waacheni. Ni mali yake, aichukue yote. Hata msumari asiache."

"Mama, anatudharau," Odhiambo akasema.

"Anajidharau. Wewe shika hiyo ngazi isije ikaanguka na mtoto wa watu."

Na Odhiambo, mtu mwenye mwili kama mlango, alishika ngazi ya waliokuwa wanaezua kanisa lake, machozi ya hasira yakimtoka. Sijawahi kuona ukaidi wa namna ile. Kufikia saa saba zilibaki kuta na mbingu. Mimi niliendelea kuunga viti. Nilipomaliza cha kumi na mbili nilivifuta vumbi la paa na kuvipanga mbele, jua likivipiga.

Jumapili walikuja watu wengi kuliko matofali yalivyoweza kuzunguka. Wengine, nadhani, walikuja kuona kama mama yule ataaibika. Nilisimama nje ya dirisha, mahali nilipoweza kuona. Mwalimu Wankuru alisoma jina la kila kiti, akaeleza kwa maneno machache habari za mwenye jina hilo, kisha akamwita wa kukaa. Odhiambo akakaa kwa Petro, Ochieng kwa Andrea. Kwa Simoni Zelote akakaa mzee mmoja aliyekuwa kinara wa kila ugomvi na wanunuzi wa mawe.

Alipofika kwa Mathayo, akamwita Samweli. Samweli alikuwa anakusanya ushuru wa soko pale machimboni, na nilikuwa nimeona tangu Alhamisi jinsi watu walivyogeuza migongo akipita. Manung'uniko yakaanza. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyo jana alinichukulia ndizi."

"Najua," Mwalimu Wankuru akasema. "Samweli, utamrudishia?"

Samweli akasema atamrudishia.

"Mathayo naye hawakumtaka," mwalimu akawaambia watu. "Mkimkataa huyu, nendeni mkamfute na yule kwenye maandiko, kisha mje tuendelee."

Hakuna aliyesogea. Samweli akakaa, ukingoni kabisa mwa kiti, kama mtu anayetarajia kuinuliwa.

Kwa Thadayo hakuita mtu. Alisema, "Hapa hatukai. Huyu hatujui alifanya nini, wala alikozaliwa. Na yule tuliyemzika pale chini hatujui pia. Tunajua aliimba." Kisha akaanzisha wimbo ule aliokuwa akiuongoza Musoma, na wanawake waponda mawe wakaupokea. Hakukuwa na paa la kuuzuia. Nina hakika ulisikika hadi kwenye nyumba ya Bosi Mwita, kwa sababu siku ya Jumapili makarasha huwa yamezimwa.

Jumatatu asubuhi Nyamhanga alinipitia. Kwenye mteremko wa kutoka machimboni tulilikuta gari la Mwita limeegeshwa kando. Akanipungia mkono tusimame. Nyamhanga alitaka kukanyaga mafuta, nikamwambia asimame.

Mwita alishuka akiwa peke yake. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala. "Fundi, nitengenezee kiti cha kumi na tatu," akasema. "Kizuri kuliko vyote. Chonga jina langu."

"Nitakutengenezea," nikasema. "Mbao ninazo. Lakini utakiweka sebuleni kwako."

"Nataka pale kanisani."

"Pale nenda kamwombe Mwalimu Wankuru. Uende kwa miguu, na uanze kwa kumtajia Musoma."

Alinisogelea hatua moja. Nilidhani atanipiga. Akarudi kwenye gari, akaketi nyuma ya usukani bila kuliwasha, nasi tukaondoka. Kama alikwenda au hakwenda, mpaka naandika haya sijaambiwa. Kanisa najua limeezekwa kwa nyasi.

Jioni tulifika Mugumu. Zuhura alinitengea chakula, akataka nimweleze hao watu kumi na wawili walikuwa nani hasa. Nikamweleza kama nilivyofundishwa: wavuvi, mtoza ushuru, mpigania nchi, mwenye mashaka, na wengine ambao hakuna anayejua.

"Kwa hiyo umegombana na tajiri kwa ajili ya mtu asiyejulikana," akasema.

"Ndiyo."

"Na hatakuletea kazi tena."

"Asilete."

Nilikwenda Nyanungu nikidhani natetea kazi ya mikono yangu. Nilirudi nikijua kwamba mtu anaweza kuitwa, akaenda, akafa, na asiache duniani kitu kingine ila jina, na wakati mwingine hata hilo likakosewa. Hilo moja alilobakiwa nalo tajiri hana haki ya kulinunua, wala fundi hana haki ya kuliuza.