Hodi ya Tatu

Mimi ni mtu wa Njombe, na hasira zangu nilikuja nazo Mtwara pamoja na sweta ambalo sijawahi kulivaa hapa. Wanafunzi wangu wananijua. Nafundisha upimaji na tathmini, yaani namna ya kumpima mwanafunzi bila kumwonea, na tangu chuo chetu kianze kufundisha shahada kwa mtandao nakaa ofisini peke yangu, nasema na kompyuta.

Katika darasa hilo alikuwamo mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko karibu na mdomo wa Ruvuma, aliyebakiza miaka mitatu astaafu. Alinizidi umri sana. Siku ya kwanza alipowasha kamera nilimwamkia shikamoo mbele ya darasa zima, akaitika marahaba, kisha naye akasema, "Na mimi nakuamkia, mwalimu wangu, shikamoo." Wenzake walicheka mpaka nikawazimia sauti. Huko kwake simu ilikuwa ikikamata minara ya ng'ambo ya mto. Anaweza kuwa katikati ya sentensi, simu ikavuka yenyewe, akaletewa ujumbe wa kumkaribisha Msumbiji, na bando likaisha hapo hapo. Siku ya mtihani wa mwisho wa somo langu ilimtokea vivyo hivyo, karatasi yake haikufika. Akapewa sapu, yaani mtihani wa marudio.

Na kila alipoingia darasani alibisha hodi. Wenzake arobaini wanaingia kimyakimya, kamera wamezima, yeye anawasha kipaza sauti: "Hodi, mwalimu." Mwanzoni niliitika, karibu mama. Lakini mtandao ukimkata na kumrudisha ilikuwa hodi nyingine, nami niko katikati ya maelezo, mara nne, mara tano kwa kipindi kimoja. Siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Mama, huku hakuna hodi. Mtu unaingia tu, unakaa." Akasema, "Sawa, mwalimu." Tangu hapo sikumsikia tena akiingia, na nikajiona nimemfundisha kitu.

Sapu yake ilikuwa mtihani wa mdomo, mtu mmoja mmoja, kila mmoja na saa yake. Kwake ilikuwa nafasi ya mwisho. Miaka aliyoruhusiwa kumaliza shahada ilikuwa inaishia muhula ule, na lililobaki lilikuwa somo langu tu. Akifaulu anavaa joho, asipofaulu anadisko, anaondolewa chuoni, na kwa umri ule habari ya kuanza upya haipo. Nilijua yote hayo. Nisichojua ni kwamba mabinti zake walikwisha kuchagua kitenge cha mahafali. Aliomba ruhusa shuleni, akaja hapa Mtwara mjini, kwa dada yake mtaa wa Magomeni, ambako simu haimtoroki.

Aliyemtangulia kwenye orodha alikuwa anasoma majibu kwenye karatasi aliyoificha chini ya kamera. Nikamwona macho yanavyoshuka. Nikawaka. Nilimhoji, nikamgombeza, muda wake ukaisha nami bado namgombeza. Kompyuta ikawa inalia ile sauti yake ya kusema kuna mtu anasubiri nje, ikanikera, nikaizima sauti hiyo. Nilipomaliza nilikunywa maji, nikafungua orodha ya wanaosubiri, hakuna mtu. Saa ya yule mama ilikuwa imepita kwa dakika ishirini hivi. Nikangoja kidogo na hasira zangu zilezile, nikisema moyoni kwamba watu wazima nao wakipewa nafasi hawaithamini. Kisha nikaandika: hakutokea.

Hakunipigia simu. Hakuandika malalamiko, na wanafunzi wa siku hizi malalamiko wanayajua kuliko masomo. Matokeo yakapitishwa, jina lake likafutwa chuoni.

Muhula uliofuata yule wa karatasi alilalamika kwamba nimemwonea, ikabidi nitafute ushahidi ndani ya mfumo. Ndipo nikafungua sehemu inayotunza ujumbe wa waliosubiri nje siku ile. Nikakuta wa yule mama.

"Hodi, mwalimu."

Baada ya dakika tano: "Hodi."

Baada ya tano nyingine: "Hodi ya tatu, mwalimu. Haya, mimi narudi."

Kwetu ukibisha hodi ukaona kimya, unazunguka upande wa jikoni, unaita mpaka mtu atoke. Hapa pwani wamefundishwa tangu wadogo kwamba hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu unageuza, wala hununi, maana mwenye nyumba ana haki ya kutokuitikia. Mwingine yeyote katika darasa lile angetoka na kuingia tena, angenipigia simu, angejaza kelele kwenye kundi la wasap. Yeye nilikwisha kumwambia huku hakuna hodi, na alinitii. Ila siku ile kioo cha simu kilimwandikia maneno mengine: subiri, mwenyeji atakuruhusu kuingia. Mwenyeji ndiye mimi, mtu wa kuja, katika mji wao. Akasubiri kama wanavyosubiri watu wenye adabu, na mimi ndani nimezima sauti ya mlango.

Nikaupeleka ule ujumbe kwa wakubwa zangu. Walinisikiliza vizuri tu. Wakasema matokeo yamefungwa, muda wake wa usajili umekwisha, na mwenyewe hakukata rufaa ndani ya siku zilizowekwa. Nilibishana nao, nikagonga meza. Haikusaidia kitu.

Jumamosi yake nikachukua bodaboda mpaka shuleni kwake. Nyumba ya mwalimu iko nyuma ya madarasa. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nikabisha hodi.

"Karibu, mwalimu. Pita ndani," nikasikia, hata sijaona mtu. Aliijua sauti yangu, alikuwa ameisikia masikioni miaka miwili.

Alinipa chai na sahani ya ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya huku pwani. Nikamwamkia, nikamweleza nilivyoukuta ujumbe, nilivyokwenda kwa wakubwa na walichonijibu. Ile sauti niliyoizima sikuitaja. Nikamwomba radhi, na nililia, sioni haya kusema. Alinisikiliza huku akimenya ming'oko.

"Yameshapita, mwalimu," akasema. "Kile kitenge mabinti wamekivaa kwenye harusi ya binamu yao. Kimewapendeza."

Kisha akafuta vidole kwa upande wa khanga yake. "Ila nikuulize kitu kimoja tu. Siku ile nilimwambia dada yangu, mwalimu hayumo, angekuwemo angeniitikia. Labda umeme umekatika huko chuoni. Nimekaa na neno hilo mpaka leo. Ulikuwemo?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Umeme wa Mtwara ungenibeba, hakuna ambaye angebisha. Alikuwa ananitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyemsimamisha ajibu swali, na anataka sana apate.

"Nilikuwemo, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akanyanyua birika, akaniongezea chai mpaka kikombe kikajaa, akakisogeza karibu yangu.

"Kunywa chai, mgeni," akasema.